Mlango wa Wakwe

Mimi ni mtu wa hasira, na nasema hivyo mapema ili usije ukashangaa huko mbele. Hasira yangu ya mwaka ule ilianza na kufuli. Lilikuwa limening'inia kwenye mlango wa chumba cha uzazi cha zahanati yetu ya Masara, chumba ambacho watu wa machimbo ya dhahabu walikuwa wamekijenga kwa mikono yao. Walichoma matofali wenyewe, wakaezeka mabati, wakapaka chokaa, na wake zao wakashona mapazia ya maua mekundu. Kitanda kilikuwa ndani. Karabai ilikuwa ndani. Kilichokosekana ni ruhusa.

Ruhusa hiyo sisi tuliiita Nyota. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Migori imekuwa wilaya juzi juzi tu, na shirika moja la afya lenye ofisi Homa Bay lilikuwa limeanzisha mpango wa kukagua zahanati ndogo ndogo za upande wetu. Zahanati iliyofaulu ilipewa kibao cha buluu chenye nyota ya shaba, kipigiliwe mahali watu wanakiona, na pamoja na kibao ikapewa kibali cha kuzalisha. Iliyoshindwa ilingoja mwaka mwingine. Kungoja kwetu kulikuwa na maana moja: wanawake wa Masara waendelee kubebwa kwa baiskeli mpaka Migori mjini, uchungu umewashika, matuta yakiwarusha. Niliwahi kupokea mtoto kando ya njia, nyuma ya ua wa mkonge, huku baba yake ameshika usukani wa baiskeli na ametazama upande mwingine. Yule alilia. Mwingine baada yake hakulia, na huyo sitaki kumsimulia.

Kwa hiyo niliitaka Nyota. Niliitaka kwa kiu. Kila nikipita mbele ya kufuli lile nililitazama kama mtu aliyenikosea.

Mkaguzi wetu aliitwa Bwana Mosoti. Alikuwa Mkisii mrefu, mwenye miwani na shati jeupe ambalo sijui alilifanyaje, maana vumbi la mawe ya Masara huingia hata ndani ya sahani iliyofunikwa. Mara ya kwanza alikuja mchana, benchi likiwa tupu, si kutupa alama bali kutuambia tutengeneze nini kabla ya ukaguzi wenyewe. Alikagua sufuria ya kuchemshia vyombo, akapima joto la friji ya chanjo, akafungua makabati. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi na Helen, nesi mwenzangu, tukatazamana kwa furaha. Kisha akafika nyuma, kwenye ule mlango mdogo unaotokea kwenye benchi la nje.

"Na huu?"

"Huo ni mlango wa wakwe," nikamwambia.

Sikuona la kueleza. Kwetu Wajaluo mwanamume na mama mkwe wake hawakai benchi moja, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia majanini mpaka mwenziwe apite. Si chuki. Ni heshima, tena nzito. Sasa zahanati ni mahali mtu anavua shati, anakohoa, anaguna, anaulizwa habari za choo kwa sauti, na ukuta wa ndani ni wa ubao tu. Aliyeijenga zahanati yetu alikuwa na akili: akaweka mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Mama akiwa mbele, mkwe hupitia nyuma. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Bwana Mosoti akavua miwani, akaifuta. "Sista Dolphine, kanuni inasema mlango mmoja, foleni moja. Anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Mlango wa nyuma ni mlango wa upendeleo."

Kusema kweli kanuni yenyewe haikuwa ya kijinga. Nimefanya kazi mahali ambapo wagonjwa walikaa tangu alfajiri huku rafiki za wakubwa wakipita nyuma na kutoka na dawa. Lakini hapo hapakuwa Masara.

"Kwani nyinyi Wakisii hamna wakwe?" nikamuuliza.

"Tunao. Lakini hii ni ofisi, si boma. Ziba huo mlango, Sista, na mengine yote mko sawa kabisa."

Nikalitazama lile kufuli. Nikaumeza ulimi wangu, jambo ambalo si kawaida yangu, na wiki ile ile fundi akauziba mlango kwa matofali na saruji.

Mwanzoni mambo yalipendeza. Foleni ilikuwa moja, imenyooka, na Helen alikuwa akiitazama kwa fahari mpaka nikamtania kwamba ataipiga picha. Kisha nikaanza kuona benchi linapungua. Siku za kwanza nikadhani ni palizi. Lakini kuna wagonjwa wawili ambao palizi isingewazuia, na wote wawili walikuwa wametoweka.

Wa kwanza ni Bonface, mchimbaji, kijana wa mabega mapana ambayo TB ilikuwa imeyala. Kila asubuhi kabla ya kwenda shimoni alipaswa kumeza dawa mbele ya macho yangu, kwa sababu dawa ile ukiikatiza katikati, ugonjwa hurudi na ukali mwingine. Wa pili ni Mama Marcella, mjane, mwenye kidonda cha mguu ambacho tulikiosha na kukifunga kila asubuhi. Akishafungwa hakuwa na haraka ya kuondoka. Alikaa benchini mpaka jua likolee, akitoa habari za Masara nzima kuliko redio.

Na Bonface alikuwa amemwoa Scovia, binti mdogo wa Mama Marcella. Hapo nadhani umeshaanza kuona. Mimi sikuwa nimeona. Kichwa changu kilikuwa kimejaa nyota ya shaba.

Wiki nzima ilipita bila Bonface. Asubuhi moja nikamwachia Helen funguo, nikavaa viatu vya kutembelea, nikatoka na hasira zangu zote. Nilianza kwa Mama Marcella kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu. Nilimkuta ameketi sebuleni, mguu juu ya kigoda, kidonda amekifunga kwa kipande cha leso. Harufu ilinipokea mlangoni.

"Mama, mbona umepotea? Unataka tuukate huo mguu?"

"Mos, nyathina, usipige kelele," akasema, akiniita mtoto wake kama anavyofanya akitaka kunituliza. "Mimi ni mzee. Hii kidonda haiui mtu haraka. Lakini bwana ya Scovia akikosa dawa, huyo atakufa. Sasa mmefunga ile mlango ya nyuma, mimi nikikaa pale mbele yeye ataingia aje? Nikasema wacha nimwachie asubuhi."

"Umwachie asubuhi?"

"Eeh. Mimi nimetoka ndio yeye aingie. Anaendelea aje? Amenenepa kidogo?"

Niligeuza uso ukutani ili asione macho yangu, na huko ukutani, kwenye fremu ya kioo, nikakutana na picha ya harusi. Bibi harusi alikuwa Priscah, binti yake mkubwa, yule anayeishi Homa Bay. Bwana harusi alikuwa mrefu, ana miwani, na shati lake lilikuwa jeupe sana.

"Mama, huyu ni nani?"

"Si ni bwana ya Priscah. Mosoti. Anafanya kazi ya ofisi huko Homa Bay, sijui ofisi gani. Mtu mzuri sana, ana heshima. Tangu amuoe msichana wangu sijawahi kumwangalia uso karibu."

Nikasema ni kweli, anaonekana ana heshima. Kisha nikamfunga mguu kwa bandeji niliyokuja nayo, nikatoka.

Bonface nilimkuta nyuma ya nyumba yake, juani, amejifunika blanketi. Alikohoa kabla hajanisalimu. Mabega yale yalikuwa yamebaki mifupa.

"Bonface, unataka kufa?"

"Hapana, Sista." Akainamisha kichwa. "Nilikuja. Walahi nilikuja, ile siku mlifunga mlango. Nikachungulia, nikaona maro amekaa kwa benchi." Maro ndiyo mama mkwe katika Kijaluo. "Ako na kidonda. Sasa mimi nimfukuze maro kwa hospitali? Mguu yake ikioza itakuwa juu yangu. Nikaona afadhali nimwachie asubuhi, atibiwe kwanza apone."

"Umemwachia asubuhi."

"Eeh. Anaendelea aje?"

Hapo nikacheka. Sikucheka kwa furaha, nilicheka kwa sababu lilikuwa ama hilo ama kulia, kisha kilio nacho kikaja nyuma yake. Nikaketi juu ya jiwe. "Haji, Bonface. Amekuachia wewe. Amekaa nyumbani mguu unaoza, akidhani wewe unameza dawa."

Bonface akashika kichwa kwa mikono miwili. Scovia alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mkono mmoja kiunoni, tumbo lake la kwanza limeanza kuonekana.

"Unaona, Sista?" akasema. "Hawa wawili watakufa kwa heshima, na mimi ndio nitazika."

Maneno yale yaliniuma kuliko chochote nilichoambiwa na mkaguzi yeyote. Nilimpa Bonface dawa papo hapo, nikamtazama akimeza. Kisha nikamuuliza rafiki zake wa shimoni wako wapi, na kama bado wana nyundo.

Walikuja asubuhi iliyofuata, wachimbaji watatu wenye vumbi mpaka kwenye kope, na nyundo zao na patasi. Helen aliwazuia mlangoni.

"Sista, ukaguzi ni Jumanne! Barua ya mkaguzi si umeisoma? Ukifungua huo ukuta unatupa Nyota. Unawatupa hao akina mama wote."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na niliogopa. Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Niliwafikiria wanawake wa baiskeli, na nikamfikiria yule mtoto ambaye hakulia. Lakini nilimfikiria na Bonface juani na blanketi lake.

"Helen, Nyota watuwekee juu ya benchi tupu? Itamtibu nani?"

Akawapisha. Wale vijana wakaanza kazi, na watu waliozoea kupasua mwamba hawana shida na ukuta wa fundi wetu. Chai ilikuwa haijachemka walipomaliza. Mmoja wao akaokota kipande cha saruji, akakiponda kwa vidole, akaniambia fundi alinipunja.

Helen alikasirika siku ile yote. Siku ya pili yake alikuja na kopo la maziwa ya unga lililojaa vifuniko vya soda. Alikuwa amevipaka rangi nyeupe na kuandika namba juu yake. "Kama lazima milango iwe miwili," akasema bila kunitazama, "basi foleni itakuwa moja. Kila mtu, awe ametokea mbele au nyuma, achukue kifuniko kutoka kopo hili hili moja. Nikiita namba, anakuja. Hakuna wa kupendelewa." Nikamkumbatia mpaka akaniambia nimwache, namchafua.

Bonface akarudi benchi la nje. Mama Marcella akarudi benchi la mbele. Na wengine wakarudi pia, ambao sikujua hata kwamba walikuwa wameachiana asubuhi.

Jumanne ikafika. Niseme wazi kwamba sikupanga lolote. Mama Marcella huja kila asubuhi, na sikuona sababu ya kumzuia mgonjwa asije kuoshwa kidonda. Wala sikuona sababu ya kumwambia mtu yeyote kuhusu picha niliyoiona ukutani.

Bwana Mosoti aliwahi mapema, faili kwapani. Alikagua kila kitu upya, na kalamu yake ilikwenda vizuri. Vyombo, sawa. Friji, sawa. Choo, sawa. Kisha akaingia chumba changu cha kutibia, akaona tundu ukutani lenye kingo za matofali yaliyovunjika, limefunikwa kwa pazia la maua mekundu.

"Sista. Huu mlango tulikubaliana uzibwe."

"Niliuziba. Nikaufungua."

"Unajua maana yake?"

"Najua." Nikamweleza habari ya wagonjwa wawili walioachiana asubuhi, bila kuwataja majina, maana siri ya mgonjwa ni siri. Nikamwonyesha kopo la Helen. Alisikiliza vizuri, hilo sitamnyima. Alishika kile kifuniko cha soda, akakigeuza geuza.

"Nimekuelewa, na pole. Lakini kanuni sikuitunga mimi. Fomu inauliza mlango ni mmoja au si mmoja, na mimi nitaandika..."

Mbele, kwenye ukumbi, fimbo ikagonga sakafu. "Oyawore uru!" sauti ikasalimu watu wote benchini. "Helen, leo nipatie namba ya haraka, nina habari!"

Kalamu ya Bwana Mosoti ikasimama. Ukumbi wetu ni mwembamba, na mwenye sauti alikuwa amekwisha kuingia, anakuja upande wetu kutafuta mahali pa kukaa. Bwana Mosoti aliutazama mlango wa mbele. Akalitazama dirisha, lina wavu wa mbu. Akanitazama mimi, na jasho limemtoka juu ya midomo.

"Sista," akanong'ona, "huyo ni mama yake Priscah."

"Naam."

"Ulijua?"

"Ni mgonjwa wangu wa kila asubuhi."

Fimbo ikagonga tena, karibu zaidi. Mkaguzi wa afya akaacha faili mezani, akainama, akapita chini ya lile pazia la maua kwa kasi ambayo sijaiona hata kwa vijana wa shimoni. Bega lake lilikwaruza matofali, na shati jeupe likaondoka na alama nyekundu.

Mama Marcella alikuwa amefika mlangoni. Akajifunika uso kwa leso upesi, akageukia ukuta. "Nani huyo amepita?"

"Ni upepo, mama," Helen akamjibu.

"Upepo ya siku hizi inavaa viatu ya ngozi," akasema Mama Marcella, na akaketi kungoja namba yake.

Nilipotoka nyuma na faili aliloliacha, nilimkuta Bwana Mosoti benchini, anahema. Kando yake alikuwa Bonface, kikombe cha maji mkononi, ndiyo kwanza amemeza dawa. Walikuwa wanyumba, wanaume waliooa ndugu wawili, na walikuwa hawajaonana tangu mazishi ya baba mkwe wao.

"Omera Mosoti," Bonface alikuwa anamwambia, kama mtu anavyomwita ndugu yake, "karibu kwa ofisi yetu."

Bwana Mosoti alimtazama. Aliyatazama mabega, na kikombe, na dawa. Nikaona anaunganisha habari niliyomweleza na watu niliokataa kuwataja. "Ni wewe," akasema. "Ni wewe na mama." Bonface akaitikia kwa kichwa. Kisha Mosoti akaangalia bega lake jekundu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Kicheko kilipokwisha akairudisha miwani, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Ningewaua wote wawili kwa kalamu hii."

Nikampa faili. Aliangalia benchi lile vizuri, upepo unavyopita, na jinsi anayekohoa pale alivyo mbali na watoto wachanga wa mbele. "Nitaandika kwamba mlango huu ni wa wanaokohoa," akasema. "Ni kweli, na kamati ya shirika italipitisha bila maneno."

Hapo hasira yangu ikaamka. "Andika hilo, maana ni kweli. Lakini andika na la wakwe. Nisije mwaka kesho nikaambiwa niuzibe tena kwa sababu hakuna anayekohoa."

"Watacheka, Sista."

"Wacha wacheke."

"Basi utakuja Homa Bay uwaeleze mwenyewe. Mimi nitaandika, wewe utasema."

Nikaenda. Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano karibu na ziwa, madirisha wazi, harufu ya samaki inaingia na kutoka. Meza ilikuwa ndefu, na karibu wote waliokaa kuizunguka walikuwa wanaume wa umri wenye tai. Mwenyekiti alikuwa Daktari Wangwe, Mkuria mwenye mvi na uso usioonyesha kitu. Bwana Mosoti akasoma ripoti yake. Alipofika kwenye neno wakwe, walicheka kama alivyosema.

"Mila ni mila na tiba ni tiba," akasema mmoja. "Tukianza hivyo kesho watatuomba mlango wa mashemeji."

Wakacheka tena. Nikasimama.

"Naomba kuuliza swali moja tu. Hapa mezani, ni nani anayeweza kukaa benchi moja na mama mkwe wake, bega kwa bega, kisha avue shati, akohoe makohozi kwenye kikopo, na aulizwe mbele yake anaharisha mara ngapi? Ainue mkono."

Kicheko kikaisha. Yule wa mashemeji alianza kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimepangika. Mwingine akatazama ziwa. Nikangoja, na nikaendelea kungoja, kwa sababu sikuwa na haraka. Hakuna mkono ulioinuka.

Daktari Wangwe akakohoa kidogo. "Mimi," akasema polepole, "mwaka jana nikiwa na suti na tai niliingia shamba la mahindi, nikachuchumaa humo, mpaka mama mkwe apite na ng'ombe wake. Nilikuwa naenda kufungua semina." Chumba kizima kikaangua kicheko, lakini safari hii walikuwa wanajicheka wenyewe, na yule wa mashemeji ndiye aliyecheka zaidi. Daktari akangoja watulie. "Lakini Sista, kanuni ile iliwekwa kuzuia upendeleo. Wewe utauzuiaje?"

Nikafungua mkoba, nikatoa kopo la maziwa la Helen, nikalimimina mezani. Vifuniko vikabingirika mpaka mbele ya tai zao. Nikawaeleza: milango miwili, kopo moja, foleni moja. Daktari Wangwe akaokota kifuniko kimoja, akaisoma namba yake, akakitia mfukoni mwa koti.

"Foleni ni moja," akasema. "Masara wamefaulu. Na fomu tuirekebishe, iulize kuhusu foleni, iache milango ya watu."

Sikumbuki nilivyotoka chumba kile. Nakumbuka nimesimama nje mbele ya ziwa nikipiga kelele peke yangu, na mama mmoja muuza dagaa wa omena akiniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimeshinda, na akanipigia makofi bila kujua nimeshinda nini.

Kibao kilifika Masara na Bwana Mosoti mwenyewe, mchana, saa ambayo Mama Marcella alikuwa nyumbani, maana safari hii aliuliza kwanza. Kila mtu alitaka kipigiliwe mbele, barabarani, watu wa Migori wakione. Nikakataa. Nikampa Bonface nyundo, naye akakipigilia juu ya mlango wa nyuma, na mikono yake ilikuwa imeanza kurudisha nguvu. Kisha nikachukua ufunguo nikalifungua lile kufuli. Nililitupa chooni, na Helen akanisuta kwamba lilikuwa kufuli zuri.

Scovia alikuja msimu wa mvua za vuli, asubuhi moja, akitembea kwa miguu yake. Mama yake alikuwa amemshika mkono, mguu umepona, fimbo ameiacha nyumbani. Wakaingia mbele. Bonface, aliyekuwa amemaliza dawa na kupimwa akaonekana safi, akazunguka nyuma bila kuambiwa, akaketi chini ya kibao cha buluu. Hadi jua la mchana nilisikia hatua zake akienda na kurudi.

Mtoto alikuwa msichana, na alilia. Alilia mpaka Helen akaziba masikio, na mimi nikalia naye bila kuficha. Nilimfunga kwa shuka, nikamtoa mbele kwa nyanya yake. Mama Marcella akapiga sigalagala, vigelegele vya kwetu, na kutoka nyuma ya nyumba Bonface akajibu kwa ukelele ambao miezi michache nyuma mapafu yake yasingeuweza. Kisha nikamchukua mtoto, nikapita naye ukumbini, nikainua pazia, nikamtia mikononi mwa baba yake.

Niliporudi mbele Mama Marcella alikuwa amesimama, leso mkononi.

"Amemwona?"

"Amemwona."

"Anasema nini?"

"Analia, mama."

"Mwambie asimlowanishe mtoto."

Nikarudi nyuma nikamwambia. Bonface akajifuta uso kwa mkono wa shati, akamtazama mtoto tena.

"Mwambie maro," akasema, "ana pua yake."

Nikarudi mbele kumwambia.